Jina Nililompa Mjusi

Najua utakachosema, kwa sababu mimi pia ningesema hivyo hivyo kama wewe ndiye ungekuwa unanisimulia. Nimesoma sayansi chuo kikuu miaka minne, na mchungaji wetu kule kwetu Sirisia alishachoka na maswali yangu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, chumbani kwangu Kitale, taa ikiwaka.

Nilianza kufuga mjusi mwezi wa nne, mvua zilipoanza. Ni wale wadogo wa ukutani, weupe, wenye macho makubwa. Ninafanya kazi kwenye ghala la mahindi, nimepanga karibu na msikiti, na jioni zilikuwa zimenichosha. Nikanunua kabati la kioo kwa mtu aliyeacha kuuza mandazi, nikatia ndani ganda la mti na kisosi cha maji, juu nikafunika kwa kipande cha chandarua. Jirani yangu, Mama Zuhura, alichungulia akacheka.

"Wenzako wanawaua hao kwa ufagio, wewe unamjengea nyumba?"

Kosa halikuwa kumfuga. Kosa lilikuwa jina. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee aliyefariki. Wazazi wasipomtambua mzee aliyemjia mtoto, mtoto hulia na kukataa ziwa mpaka waite jina lililo lake. Nyanya yangu mzaa baba, Naliaka, alifariki kabla sijazaliwa, na tangu hapo nyumba yetu ilizaa wavulana tu, kwa hiyo jina lake lilikuwa bado linangoja. Mke wa kaka yangu alikuwa mjamzito, na kila mtu alikuwa anaomba msichana. Mimi nikataka kuwaonyesha kwamba jina ni sauti tu. Nikampiga mjusi picha, nikaituma kwenye grupu la familia: "Karibuni mumwone Naliaka."

Mama alijibu kwa neno moja. "Litoe."

Sikulitoa.

Naliaka wangu hakula. Maji ya kisosi hakuyagusa. Nilimletea fukusi kutoka ghalani, akawatema. Siku ya tano ngozi yake ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Jioni hiyo, adhana ya magharibi ilipoisha, bibi mmoja mzee alibisha mlango. Sikumjua. Alikuwa amejifunga leso mbili, mkononi ameshika jani la mgomba lililokunjwa.

"Nimekuja kumwona wajina wangu," akasema.

Nilidhani amekosea mlango. Lakini alinipita, akaketi sakafuni mbele ya kabati, mguu wa kushoto ameunyoosha, akatazama ndani kama mtu aliyekuja kumwona mtoto mchanga.

"Hawa wadudu wa ghala wamekula dawa ya mahindi. Unataka kumuua? Na huyu hanywi kwa sahani, analamba umande."

Akachovya vidole kwenye kikombe changu, akanyunyizia kioo. Mjusi akatoka kwenye ganda, akalamba tone moja, halafu lingine. Bibi akafungua jani: kumbikumbi, wameshang'olewa mabawa. Mjusi akala watatu. Niamini, nilifurahi tu. Nani huuliza maswali wakati mgonjwa wake ameanza kula? Aliniambia nisimshike mkia, na nisogeze kabati mbali na dirisha kwa sababu ya baridi, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Siku iliyofuata pia.

Siku hiyo ya tatu, akiwa ameketi pale pale, simu ililia. Ni Mama.

"Shemeji yako alijifungua juzi, msichana. Mtoto hanyonyi. Hospitali wamempima, ati hawaoni ugonjwa. Tumemwita Naliaka mpaka koo zimekauka, na anazidi kulegea. Wewe, yule mdudu wako bado unamwita hivyo?"

Nilishusha simu. Bibi hakuwa amegeuka.

"Kukhu," nikasema, kwa maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, "kuna mtoto Sirisia."

"Najua. Lakini huku ndiko nilikoitwa kwanza." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Na huyu hanisumbui. Anakula, anatulia."

"Yule atakufa."

"Basi mvue huyu jina langu. Lakini usimwache uchi. Kilichokwisha kuitwa hakikai bila jina."

Nikatafuta majina. Kila lililonijia lilikuwa la mtu: la kaka, la Mama, la rafiki wa chuo, hata la Zuhura wa jirani. Ningemtwika nani uhai wa mjusi? Unaona nilikofika, mimi niliyesema jina ni sauti tu? Mwishowe nikainama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, nikamwita mjusi kwa jina langu mwenyewe.

Akageuza kichwa.

Bibi aliinuka polepole, akiuvuta ule mguu. "Maji asubuhi na jioni," akasema, akatoka.

Chai niliyokuwa nimeteleka haikuwa imechemka Mama alipopiga tena. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto, hakuwa analia, alikuwa anameza. "Amelikubali," Mama akasema.

Mama Zuhura alikuwa nje akianua nguo. "Nyanya yako anaenda wapi na giza hili? Nimemsalimu, hata hajaitikia."

Nimejaribu kutafuta maelezo ya kawaida. Watoto wengine huchelewa kunyonya. Wazee wengine hupotea njia. Lakini nilipomsimulia Mama, aliuliza swali moja tu: aliketi vipi? Nikamwambia kuhusu mguu.

"Goti hilo lilikataa kukunjika tangu alipoanguka na mzigo wa kuni," akasema. "Hukuwa umezaliwa."

Naliaka wa Sirisia sasa ametimiza mwaka, mashavu yamejaa. Mjusi bado ninaye. Nimesoma kwamba wa aina yake, akitunzwa vizuri, huishi miaka mitano, wengine hata saba. Ninamtunza vizuri sana.

Kwa hiyo fuga ukitaka. Nyunyiza maji, tafuta wadudu wasio na dawa. Lakini jina linalongoja mtu, liache lingoje. Acha niishie hapa. Adhana imeisha, na yule mwenye jina langu bado hajanywa.