Njaa Baada ya Kongosho

Kabla sijaugua sikuwa na habari na kongosho. Ini nililijua kwa sababu ya bia, figo nilizijua kwa sababu ya mjomba aliyezilalamikia maisha yake yote. Kongosho nililisoma shule ya msingi, nikajibu mtihani, likaishia hapo. Siku hizi jirani yangu wa Buhongwa akinikosea kwa kuniuliza naendeleaje, nampa somo zima mpaka atafute njia ya kuniaga.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yangu iko Nyakato, hapa Mwanza. Macho yalipoanza kuwa ya njano, wenzangu wakasema ni moto wa kuchomelea. Nikanywa dawa za majani, chungu hizo, we acha tu. Nikawashwa mwili mzima hadi nikawa najikuna kwa kitana. Mke wangu alipochoka kunibembeleza akanipeleka hospitali kama anampeleka mtoto, na huko wakaona uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, umebana mrija wa nyongo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mpole, mdogo kwangu kwa umri. Akanichorea kwenye karatasi: watakata kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo na mfuko wa nyongo, kisha wataunganisha vinavyobaki. Nikamuuliza swali la kifundi, viungo, pale mnapounganisha, ni vingapi, na vikivuja je? Hakunificha. Akasema kiungo cha kongosho ndicho chenye sifa ya kuvuja, kwa sababu kongosho ni laini, kulishona ni kama kushona siagi. Nikamwambia namuelewa, hata mimi nimeshawahi kupewa bati lililooza nichomelee.

Basi, kikavuja. Nilitoka kwenye upasuaji salama, siku za mwanzo kila mtu akashukuru Mungu, halafu homa ikapanda na mpira uliowekwa ubavuni ukaanza kutoa maji ya kongosho, yale yaliyoumbwa kumeng'enya nyama. Yalipogusa ngozi yangu yalitaka kunimeng'enya mimi. Nikapigwa marufuku kula. Chakula changu kikawa maziwa ya dawa yanayopita kwenye mpira wa puani, na kinywa changu kikabaki hakina kazi.

Watu husema ukikikaribia kifo unamuwaza Mungu. Mimi niliwaza kunde. Mama yangu yupo Misungwi, kwenye shamba letu la zamani, na anapika majani ya kunde yaliyokaushwa juani kwa karanga alizotwanga mwenyewe, halafu anamalizia na samli. Unakula kwa ugali wa mtama, umekaa kwenye kigoda chake, naye anakutazama mpaka umalize. Nimekula kwenye hoteli za maana hapa mjini, sijawahi kukutana na kitu kama kile. Nililala pale wodini nikikiwaza chakula hicho, mate yakinijaa, na siruhusiwi hata kulamba kijiko.

Na chakula chenyewe kilikuwa kinakuja, hapo ndipo uchungu ulipo. Mama hakuelewa mambo ya kuvuja. Kwake mgonjwa ni mtu anayetakiwa kula. Akawa anapika, anajaza hotipoti, anampa kondakta wa basi, mke wangu anaipokea stendi. Mke wangu hakuwa na moyo wa kumwambia ukweli. Alikuwa anawapa wagonjwa wengine, kisha anapiga simu, "Amemaliza yote, mama." Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja wa Ukerewe, amepasuliwa ngiri tu, anakula kama hana shida duniani. Akishiba ananigeukia, "Mdogo wangu, mama yako anajua." Nilimchukia yule mzee kwa dhati, na sijui kama nimeshamsamehe.

Kuvuja kukaisha taratibu kwenyewe, kama daktari alivyotumaini. Nikarudi nyumbani suruali zikinivuka. Daktari alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza, uvimbe wa aina hii una tabia ya kurudi, kwa hiyo nisikose kliniki. La pili, kongosho lililobaki ni dogo na limechoka, kwa hiyo kila nikila nimeze kapsuli za kunisaidia kusaga chakula. La kwanza sikumwambia mama. La pili nililifuata kama ninavyofuata dawa zote tangu utotoni. Muulize mtu yeyote hapa kwetu, dawa inamezwa umeshakula, umeshiba, umepumzika kidogo, isije ikakukwangua tumbo. Mimi nikawa hodari zaidi, nasubiri chakula kitulie kabisa ndipo nameza.

Nilipopata nguvu ya kupanda gari, safari yangu ya kwanza ilikuwa Misungwi. Mama alinipokea mlangoni, akanishika uso, akasema, "Baba, umekwisha." Sufuria ilikuwa tayari jikoni. Nilikula, jamani. Nilikula kile nilichokiota wodini, samli inang'aa kwenye vidole, na machozi yakanitoka bila aibu yoyote. Mama alicheka, akaniongezea. Kisha nikazunguka kuwapa shikamoo wazee wa jirani, nikarudi, nikameza kapsuli zangu kwa utulivu.

Kilichofuata hakielezeki mbele ya watu wenye heshima. Tumbo lilisokota, nikatapika, nikaharisha mafuta matupu, mwisho nikaanguka uani mbele ya mama. Nikabebwa kwenye gari la jirani hadi Mwanza. Kabla mlango haujafungwa nilimuona mama amesimama na mwiko mkononi.

Kliniki daktari akaniuliza kapsuli nazimeza wakati gani. Nikamweleza utaratibu wangu, tena kwa kujisifu. Akaweka kalamu chini. Akasema hizo si dawa za kutibu ugonjwa, zinafanya kazi iliyokuwa ya kongosho, kwa hiyo lazima ziingie pamoja na chakula, moja na tonge la kwanza, nyingine katikati. Nikizimeza baadaye zinakuta chakula kimeshapita. Nilijisikia mjinga kuliko siku zote. Nikafuata maelekezo, na baada ya muda nikala nyama, nikala sato wa kukaanga kule ufukweni, mwili ukarudi, wenzangu karakana wakaanza kunitania kitambi.

Lakini mama alikataa kunipikia. Nikienda Misungwi alininunulia maji ya chupa dukani kama mgeni wa serikali, na wali mweupe ulipikwa kwa dada yangu ukaletwa umefunikwa. Nikamweleza habari ya kapsuli mara nyingi, nikamwonyesha, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Alisikiliza yote. "Nilikuona uani," alisema, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Niliumia. Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Mama amezeeka, na mimi kila nikienda kliniki naingia sijui nitatoka na maneno gani. Sikutaka kufa, wala yeye afe, bila kukaa tena kwenye kile kigoda. Hicho tu ndicho nilichokitaka kwenye dunia hii, na pesa haikinunui.

Mwaka huu, baada ya mavuno, akanipigia simu. "Njoo Jumamosi, nitapika."

Sikumwambia mke wangu jinsi nilivyofurahi, angenicheka. Nilifika mapema nimevaa shati la kanisani. Mama alikuwa jikoni tangu asubuhi, hataki msaada wa mtu. Akaniwekea kigoda, akaniwekea ugali na bakuli la kunde, akakaa mbele yangu. Nikamwonyesha kapsuli, nikaimeza pamoja na tonge la kwanza mbele ya macho yake.

Hakukuwa na samli. Hakukuwa na karanga. Chumvi labda aliionyesha tu. Yalikuwa majani na maji, chakula cha mtu anayeuguzwa, na kopo la samli nililiona limekaa kwenye rafu nyuma yake, limejaa. Alikuwa amekaa asubuhi nzima kwenye moshi akitoa kwenye chakula chake kila kitu kilichokuwa kitamu, ili nisianguke tena.

Nilitaka kusema, mama, tia samli, nimepona. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama koo kila ninapomeza, na nikajua kwamba chakula nilichokililia miaka yote hii hakitapikwa tena, kwa sababu yule mama aliyekipika alikuwa na mwana mzima, na huyu wa sasa anamuuguza mwanawe.

"Imekaa sawa, baba?" akauliza.

"Imekaa sawa, mama."

Nikala mpaka bakuli likaisha. Nikamsogezea, nikamwambia aniongezee.