Kidari cha Nesi

Siku ile tulikuwapo bibi yetu mzaa baba, baba mdogo, ambaye ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki kwetu, mdogo wangu wa kiume, anayebeba mizigo ya watalii mlimani, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amejifungua wiki chache nyuma, mwanawe, ambaye hakuwa amebatizwa bado na kwa hiyo tulimwita mgeni tu, na mimi. Mbuzi simhesabu, ingawa ndiye aliyetukusanya. Alitumwa na baba wa mtoto kutoka Tarakea, anakofanya biashara ya mahindi. Mbuzi alifika, mwenyewe akabaki na mahindi yake.

Kwetu Kirua mzazi hupikiwa kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi. Wageni wakisikia hukunja uso. Sisi tunaona ni jambo la kawaida kabisa: aliyepoteza damu arudishiwe damu. Wanaume huchinja, na mtu mmoja hukaa na sufuria kukinga damu na kuikoroga kwa kijiti. Ukisimama kidogo tu inaganda. Kazi hiyo ya kukoroga ilikuwa ya mama. Alipofariki ikawa yangu, kama zilivyokuwa zangu kazi zake nyingine zote. Mkono huuma mpaka begani, na kila mtu anayepita hukuambia, "Usiache."

Mdogo wangu alikuwa amepoteza damu nyingi sana. Hospitalini Moshi alitundikiwa chupa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Nesi alinieleza kwa upole kwamba ile ilikuwa akiba, watu wasiotujua walikuwa wameitoa, na kwamba angefurahi ndugu wakija kuchangia, ili mama mwingine akiletwa naye asikute friji tupu. Halikuwa sharti.

"Naomba tu, dada," alisema.

"Tutarudisha zote tatu," nikamjibu.

Hakuna aliyenituma kusema zote. Mimi ni mtoto wa kwanza. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba, na tangu hapo nimezoea kuitikia kwanza, kisha kutafuta nitatoa wapi.

Ya kwanza niliitoa mimi siku hiyohiyo. Pembeni ya kitanda palikuwa na kimashine kinachobembeza mfuko wa damu, huku na huku, hakipumziki. Nikamuuliza nesi kinafanya nini. "Kinazuia isigande," alisema. Nikacheka peke yangu mpaka akanishika bega, akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Ya pili aliitoa mdogo wangu wa kiume aliposhuka mlimani. Bibi ni mzee mno. Ya tatu nilimtegemea baba mdogo, na nilikuwa nimepanga kumwambia siku hiyo, akiwa ameshiba.

Sikungoja ashibe. Mbuzi alipochinjwa, baba mdogo alikinga kikombe cha damu ya moto kabla ya sufuria yangu, akakigugumia chote, akafuta masharubu kwa kiganja. Nikaona huu ndio wakati.

"Baba mdogo, Jumanne nashuka Moshi. Twende wote."

"Kufanya nini?"

"Ile chupa iliyobaki."

Akaweka kikombe chini. "Hiyo hapana, mama. Siwapelekei mumiani shingo yangu kwa miguu yangu mwenyewe."

"Mumiani gani, baba mdogo?" mdogo wangu wa kiume akasema. "Hapa mwenye damu mdomoni ni wewe."

"Nyamaza, punda wa wazungu wewe. Mbuzi amekwisha kufa. Mimi bado."

Tulicheka, hata yeye alicheka. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameketi mlangoni na mtoto kwenye titi na simu mkononi, anaangalia moja ya zile tamthilia zake za vampaya, watu weupe kama unga, wazuri, wasiozeeka. Akainua kichwa.

"Lakini vampaya ana masharti yake, baba mdogo. Hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kukaribishwa. Anasimama mlangoni mpaka aambiwe karibu."

"Kumbe ana adabu," bibi akasema. "Baba wa huyo mtoto hakupiga hata hodi."

Hapo hata mimi niliacha kukoroga, na bibi huyohuyo akanipigia kelele kwamba damu inaganda.

Bibi ndiye aliyetufundisha kuogopa. Tulipokuwa wadogo alitusimulia jikoni habari za mumiani wa enzi za usichana wake, waliosemekana kuwakamata watu waliochelewa kurudi na majani ya ng'ombe, wakawaning'iniza miguu juu, damu ikadondoka ndooni ikageuzwa dawa. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Tulilia, na kesho yake tukamwomba asimulie tena. Baadaye, wazazi walipokuwa wameondoka wote wawili, pale njia panda palifunguliwa kibanda cha video. Mdogo wangu wa kike alikuwa akitoroka kwenda kuangalia wanyonya damu wa kizungu, na juu yao sauti ya Mswahili mmoja anayetafsiri huku akitia matusi yake. Nilikuwa nikimfuata na fimbo. Siku moja nilichoka kumchapa, nikamuuliza tu anapenda nini katika uchafu ule.

"Hawafi, dada," alisema. "Wanazikwa, halafu jioni wanaamka wanarudi nyumbani."

Sikumfuata tena na fimbo. Nilimwambia tu asichelewe kula.

Nilikumbuka hayo nikiwa nimechuchumaa pale na sufuria, na labda ndiyo maana sikunyamaza. Nilimwambia baba mdogo kwamba nimeahidi. Nilimwambia kwamba kila mara ni mimi, kwamba nimechoka, kwamba nyumba hii hainihitaji mimi, inahitaji ile mashine ya hospitali, maana hiyo haina mgongo wa kuuma. Sauti ilipanda. Mtoto akaanza kulia.

Baba mdogo alikuwa akichuna ngozi. Hakuacha kuchuna.

"Mimi ndiye niliyempeleka baba yenu," alisema. "Aliingia akitembea. Asubuhi walikuja na sindano, jioni wakaja na sindano. Nikawauliza, mnampa nini? Wakasema hatumpi, tunachukua, tunakwenda kupima. Kesho hivyohivyo. Mtu ameisha, mikono imebaki mifupa, wao wanachukua. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kitandani. Nilimshikilia mkono ili wachukue vizuri."

Hatukuwa tumewahi kusikia hayo. Bibi aliangalia moto. Mdogo wangu wa kike alikuwa amezima simu.

Ningeweza kumweleza kwamba walikuwa wakitafuta ugonjwa. Nadhani alijua. Watu husema hadithi za wanyonya damu haziishi kwa sababu watu hawajasoma, na mimi, ambaye kweli sikusoma, nilikuwa nimeamini hivyo. Siku ile niliona kwamba katika nyumba moja mtoto aliwapenda kwa sababu wao hurudi, na mzee aliwachukia kwa sababu ndugu yake hakurudi. Mtu mmoja, baba yetu, ndiye aliyekuwa akililiwa. Niliendelea kukoroga.

Tulipika, mzazi akanywa kisusio mpaka jasho likamtoka puani, tukagawa nyama. Kwetu kidari, ile nyama ya kifua, ni sehemu ya heshima, na siku ile kilikuwa cha baba mdogo bila ubishi. Alikiangalia muda mrefu. Kisha akakifunga kwenye jani la mgomba, akakaza fundo kwa kamba ya mgomba, akaniwekea miguuni.

"Mpelekee huyo nesi. Mwambie hii ndiyo chupa yangu."

"Baba mdogo..."

"Mpelekee."

Sikuwahi kumwona akitoa kidari kwa mtu. Bibi naye hakuwahi. Alitikisa kichwa na kusema neno la Kichagga ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema, haya, tuone.

Jumanne nilishuka Moshi na kidari kapuni. Nesi ni mwanamke wa mjini, Mwislamu, mwembamba, mwenye kucheka haraka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliona nikikaa sitainuka. Alifungua jani, akaangalia.

"Sasa hii, dada, nitaitundikaje?"

Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini. Halafu akalifunga jani tena, akalishika kwa mikono miwili.

"Mwambie mzee nimepokea. Nyama wataila wenzangu. Heshima nimeichukua mimi."

Nikamuuliza kama naweza kutoa tena mimi siku hiyo. Alinivuta kope la chini akaangalia ndani, akasema niende nikale, mwanamke husubiri miezi minne, na hata hapo tutaona.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa akipalilia kahawa yake upande wa pili wa mfereji. Nilimwamkia. Hakuinua kichwa.

"Marahaba. Walipokea?"

"Walipokea. Amekushukuru sana."

"Basi tumemaliza."

Nilikuwa nimechoka, na ingekuwa rahisi kuitikia.

"Bado, baba mdogo. Chupa moja bado."

Akasimama, akaegemea jembe, akaniangalia kama mtu aliyepunjwa sokoni.

"Kidari kizima kile?"

"Kizima."

Alirudi kupalilia. Nami nikaenda kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu jioni ilikuwa inaingia na hakuna aliyekuwa ameyakata.