Wazo Kuu Liko Mlangoni

Binti yangu alikuwa na mtihani kesho yake, na kifungu cha ufahamu kuhusu chemchemi za maji moto za Nyamyumba kilikuwa kimemshinda.

"Wazo kuu liko sentensi ya kwanza," nilimwambia, kwa kiburi cha mtu aliyemaliza sekondari akarudi kukaa nyumbani.

"Mama, hapo mwandishi anaeleza njia ya kufika tu."

Jirani akaingia. Akatusalimu, akasimulia mvua, maharage, na goti la mumewe. Alipofika mlangoni ndipo akageuka: "Bon, mama, ile sufuria yako kubwa iko? Kesho tuko na wageni."

Binti yangu akacheka, akarukia aya ya mwisho. "Iko huku! Chemchemi zitunzwe. Huyu mwandishi ni mutu wa kwetu."

Nikaenda jikoni kuleta sufuria, safari yangu ndefu kuliko zote siku hiyo. Niliporudi, alikuwa anaandika bila kuniuliza.