Chai ya Alasiri Kisiwani, Bila Nauli ya Boti

Walisema sitaweza. Walisema huyu, hata apate diploma, hawezi kuwapeleka watu sita mahali wakarudi na viatu miguuni. Kuhusu viatu walipatia, nakiri, na ndiyo maana nimeuficha mkasa huu mpaka leo.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Miaka saba nilifanya kazi katika hoteli za Ghuba, nikaanzia kufua mashuka nikamalizia mapokezi, nikarudi Msambweni, nikajisomesha diploma ya utalii kwa jasho langu (imo ukutani kwenye fremu, ukiingia utaiona kabla hujaniona mimi). Kazi yangu ni kuwapangia likizo watu wasio na pesa za kuchezea, na naijua. Usije Diani Desemba. Usilale hoteli ya ufuoni, kodi nyumba yenye jiko Ukunda, samaki ununue pale pale wanaposhushwa. Siku ya kuzuru Mombasa shuka Likoni uvuke kwa miguu, kivuko hakimdai atembeaye hata senti.

Basi nikapata walimu sita kutoka bara, wakiongozwa na Mwalimu Nduku, mama mmoja mkavu wa maneno, aliyeniambia wazi kwamba wao wamekuja kuonja tu, wakiridhika ataleta wenzake arobaini Agosti. Arobaini! Nikataka bei yangu ishuke mpaka waone aibu kuikataa, nikakata kitu kimoja kidogo, yaani boti. Wiki moja kabla nilikuwa nimevuka mwenyewe kutoka ufuo wa Bodo mpaka kisiwa kidogo nyuma ya mikoko, maji yakinifika vifundoni. Kwa nini nimlipe Mzee Shee, mwenye boti, kwa njia ninayoweza kuitembea?

Siku ya safari tukamkuta ufuoni, kati ya wanawake wenzake, shangazi yangu Mwanasha, ambaye amechokoa pweza pale tangu usichana wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wawapeleka wapi watoto wa watu?"

"Kisiwani, kwa miguu. Simu imesema maji yatakupwa saa kumi."

"Yatakupwa kidogo tu, baba. Wewe ulivuka wakati wa bamvua, mwezi ulipoandama, maji yakitoka yatoka yote. Leo mwezi una siku nane, maji mafu, hayajai wala hayatoki. Mwite Shee."

Nikacheka (mbele ya wageni, ndilo kosa) nikamwambia kwamba mambo ya mwezi ni ya zamani. Kweli simu ilikuwa na saa, lakini pembeni ilikuwa na safu nyingine, ya kina cha maji, na hiyo mwenye diploma hakuisoma.

Nikatangulia, karai la viazi kichwani, chupa ya chai kwapani. Kwenye mikoko tope likala kiatu cha kwanza, kisha cha pili, kisha tukaacha kuhesabu. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, nami nikawa nasema, "Ni hapa katikati tu, kisha yanapungua."

"Katikati hii," akasema Mwalimu Nduku, mkoba wake wenye simu zetu sote umeinuliwa juu ya kichwa, "ulituambia tangu kule nyuma."

Nikageuka nimjibu kwa heshima, nikakanyaga shimo, nikazama mpaka utosini. Nilipoibuka karai lilikuwa linaelea peke yake kuelekea kisiwani, likinitangulia kufika, na wanawake wote wa ufuoni walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

Mzee Shee akaja na boti yake polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja. Akaopoa karai kwanza.

"Viazi havijui kuogelea," akasema. "Wewe, Bwana Diploma, si umesomea?"

Tukarudishwa Bodo tukitetemeka, nguo za kubadili ziko Ukunda. Wanawake wale wale waliocheka wakaenda majumbani wakarudi na leso za kujifunga, saba, moja kwa kila mtu, na yangu ilikuwa ya waridi yenye maua makubwa. Hivyo ndivyo tulivyokunywa chai ya alasiri, uani kwa shangazi, mimi nikitazama kikombe changu. Walipoondoka Mwalimu Nduku alimuaga shangazi, mimi hakuniaga.

Leso nilizifua mwenyewe, nikazipiga pasi, nikazirudisha nyumba kwa nyumba. Kila mlango niliulizwa kama karai lilifika salama. Nikiwa kwenye mlango wa sita simu ikalia, ujumbe wa Mwalimu Nduku: "Tunakuja arobaini. Boti iwemo kwenye bei. Siku ya kisiwani achague shangazi yako, si wewe."

Nikaenda nyumba ya saba, ile ya mwisho. Shangazi akaipokea leso yake ya waridi, akaigeuza akitafuta doa, hakuliona.

"Haya, sasa hudaiwi na mtu Bodo," akasema.

Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikatoa kalamu na kalenda ya Agosti.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Hebu nihesabie mwezi."