Pesa za Konje Kwenye Fundo la Mama Mkwe

Nianze kujicheka mimi mwenyewe, maana najua mkishasikia mtanicheka, na heri aibu ianzie nyumbani. Mpaka leo hapa Kasongo kuna watu wakiniona na karavati (tai) shingoni wanageuka na kuanza kutembea kinyumenyume, wakifika mbali wanaangua kicheko, na watoto wao wanafanya hivyohivyo bila kujua sababu. Sababu ni mimi. Nitawaeleza yote, ila jina la mama mkwe wangu sitalitaja, kwa kuwa kwetu mume hataji jina la mama wa mke wake, hata akiwa peke yake chooni.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa karani wa mizani kwenye kampuni iliyokuwa inanunua pamba. Mwaka ule nikapewa konje yangu, yaani likizo, na kampuni ikalipa nauli ya karani na jamaa yake: lori mpaka mtoni, kuvuka, treni mpaka Kindu, halafu meli (sisi tunaiita bato) kushuka na Lualaba mpaka Ponthierville. Jamaa yangu ilikuwa mke wangu Sifa, binti zetu wawili (mkubwa, Vero, alikuwa hajatimiza miaka mitatu), na kwa kuwa fomu niliijaza mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, mama mkwe naye akaingia. Alikuwa mtu wa kijiji cha Wamaza, na alikuwa hajamwona binti yake wa kwanza tangu aolewe kule Ponthierville na fundi seremala. Huyo fundi, mwanyumba wangu, ni mtu ambaye hata msumari uliopinda anaunyoosha na kuuweka akiba. Mimi, jamani, niliwahi kutoka nyumbani na pesa za baiskeli nikarudi na gramafoni, bila sahani hata moja ya kupiga.

Kwa hiyo mama mkwe alikuwa na neno lake juu yangu, kwamba mkono wangu una tundu. Wakati wa posa alimwambia Sifa anikatae, na Sifa hakunikataa, lakini neno halikufutika. Nilichotaka kwenye safari ile kilikuwa kimoja tu: afike kwa binti yake bila kukosa kitu, aseme kwa mdomo wake mbele ya yule fundi wa misumari kwamba mimi pia ni mtu.

Tukakaa na Sifa, tukapanga. Nauli ilikuwa ya kampuni, lakini kula, zawadi na furaha vilikuwa juu yangu. Nikaandika kwenye karatasi ya kampuni: mikate na sardini, samaki wa bandarini, kikwembe kipya (kitenge) cha mama mkwe, sukari ya dada, picha moja kwa mpiga picha, pipi za watoto. Nikagawa kwa siku sita, kila siku na fungu lake. Karatasi ilipendeza mpaka nikatamani kuitundika ukutani.

Sifa akauliza, "Na nani atachunga hizo feza?"

"Mi mwenyewe."

Alicheka mpaka akamweka mtoto chini.

Hapo ndipo nilipopata akili (naiita akili kwa kuwa wakati ule niliiona hivyo). Nikasema pesa zote tumpe mama mkwe. Fikirieni wenyewe: mtu ambaye siruhusiwi kumsemesha, siruhusiwi kumtazama usoni, mkeka wake siukaribii, tukikutana njiani mimi naingia majanini apite, na kumwona akila ni mwiko mkubwa kuliko yote. Nikiwa na shida naye lazima nipitie kwa Sifa. Sanduku gani la chuma linashinda hilo? Nilijisifu siku nzima, nikamweleza hata jirani.

Sifa akapeleka pesa, akarudi na jibu. "Anasema amepokea. Ameshafunga mafundo sita kwenye pembe ya kikwembe chake. Anasema kila siku na yake."

Kwenye lori na treni mambo yalikwenda vizuri. Kila asubuhi fundo moja linafunguliwa, Sifa ananiletea, nami nanunua kilichoandikwa tu, mpaka nikaanza kuamini kwamba nimebadilika. Tukapanda meli pale Kindu. Wazungu walikuwa juu, sisi sitaha ya chini pamoja na magunia, mbuzi, vikapu vya kuku, masufuria na watu wa kila kabila. Mama mkwe akatandika mkeka wake karibu na nguzo ya chuma, Sifa na watoto karibu naye, na mimi nikaenda upande wa pili kabisa, kama heshima inavyotaka.

Upande ule alikuwepo karani mmoja wa Kindu mwenye kalamu mbili mfukoni. Mimi nilikuwa na moja. Basi nikaona ni lazima ajue kwamba Kasongo nako kuna watu, nikaita chai, chai ikaita mkate, mkate ukaita sardini, wakasogea na jamaa wengine watatu wenye hadithi nzuri, na kabla jua halijafika kichwani fungu la siku lilikuwa limekwisha. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaagiza tena kwa watu wote watano, nikamwambia mwenye kantini, bwana mmoja mnene wa huko chini ya mto, yaani mto unakoshukia, aandike, nitalipa kesho asubuhi. Aliniamini kwa sababu ya karavati.

Baada ya muda akarudi. "Karani, mi nashuka kwenye kituo cha kuni hapa mbele, mwenzangu anapokea kantini. Lipa leo."

Nikaenda kwa Sifa, nikasimama mbali, nikamwonyesha kwa mkono aje. Nikamnong'oneza amwombe mama afungue fundo la kesho. Akaenda, akarudi.

"Anasema kesho haiyafika."

"Mwambie ni haraka."

Akaenda, akarudi. "Anasema kama ni haraka, kesho itakimbia yenyewe."

Nikamtuma mara ya tatu. Sifa akashika kiuno. "Baba Vero, mi nimechoka, siko posta yenu. Ukitaka fundo ile, enda ufungue weye." Akajilaza pale kando ya watoto, akajifunika kikwembe mpaka kichwani. Nilimjua mke wangu: akishafunika kichwa, hata meli ikizama hafunui.

Yule wa kantini alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sasa?"

"Feza iko. Iko kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama wa muke yangu."

"Jina yake?"

Nikarekebisha karavati. Nimewaambia, hatutaji.

"Basi unionyeshe na kidole."

Kidole! Kumnyooshea mama mkwe kidole! Nikaficha mikono yote miwili nyuma.

"Karani," akasema kwa sauti ya kusikika sitaha nzima, "hauna jina, hauna kidole, mi naona hata mama hauna." Watu wakacheka. Nikamtazama rafiki yangu wa Kindu anisaidie, naye alikuwa anaangalia mto kwa makini sana, kana kwamba amedondosha kalamu yake moja humo. Mwenye kantini akanishika mkono wa shati. "Twende. Tutamutafuta wote wawili."

Akanivuta katikati ya watu. Nikasema moyoni, basi nitasimama mbali, nitakohoa, Sifa atanihurumia. Lakini tulipozunguka magunia nikaona mkono wa mama mkwe unapanda kutoka kwenye sahani. Alikuwa anakula. Bugali na sombe (ugali na majani ya muhogo), nilishaona tayari, Mungu anisamehe. Nikageuka palepale, nikampa mgongo, nikavua kofia nikaishika mbele ya macho, na yule bwana, ambaye kwao hawana mwiko huo, akaendelea kuvuta. Kwa hiyo nikawa naenda kwa mama mkwe kinyumenyume. Na karavati. Huku nasema samahani mama, samahani baba, watu wananisogezea masufuria, kuku wanapiga kelele, na hatua ya tano au ya sita kamba ya mbuzi wa mtu ikanishika kisigino.

Nikakaa.

Chini yangu kulikuwa na kitu cha moto. Kilikuwa bugali. Pembeni ya bugali ilikuwa sombe, na pembeni ya sombe lilikuwa goti la mama mkwe.

"Yooo! Amekalia mukwe!" Watu wa kwetu Maniema wote wa sitaha ile wakaziba macho. Wale wa chini ya mto wakauliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka, halafu wakawaeleza wengine nao wakacheka. Mpaka mzungu wa meli akainama kutoka juu kuangalia kama kuna mtu ameanguka majini. Afadhali ningeanguka majini. Nilibaki nimekaa, kofia ikiwa bado usoni.

Kicheko kikapungua. Kwetu mkubwa akikosa mtu wa kupitishia neno hulipitisha kwa kitu, kinu au ukuta, lakini ni yeye tu anayeruhusiwa kuanza. Nikasikia sauti nyuma yangu, ya upole tu.

"We nguzo. Unasikia?"

Nguzo ya chuma ilikuwa pale, imesimama.

"Umwambie ule mutu atoke kwenye sahani yangu."

Nikatoka, bado nimempa mgongo.

"Umwambie tena: mbuzi mumoja, jike, tukirudia kwetu. Iyo njo sheria."

"Nimesikia, nguzo," nikasema.

"Uulize, ule wa kantini anataka ngapi?"

Mwenye kantini akaitajia nguzo hesabu yake, naye akiwa ameshavua kofia. Nikasikia kikwembe kinafunguliwa. Sifa (aliyekuwa amefunua kichwa, tena mapema) aliniambia baadaye kwamba mama hakugusa fundo la kesho. Alifungua kifundo chake mwenyewe, kidogo, cha kiunoni, pesa za karanga alizouza Wamaza. Akalipa zote.

Kisha akasema tena, taratibu zaidi, na mimi nikadhani meli nzima imezima injini ili isikie. "Nguzo, mi nilikatalia binti yangu ule mutu, sababu mukono yake iko na tundu. Tundu ningali naiona. Lakini mutu anaanguka sababu anaogopa kuniona nikikula, ule mama yake alimulea."

Nililia, jamani. Sina haja ya kuficha. Nililia ndani ya kofia nikiwa na sombe kwenye suruali, na mwenye kantini akaweka mkono wake kwenye ile nguzo akasema, "Pole, nguzo."

Njia yote iliyobaki niliogopa kitu kimoja, kufika. Suruali nzuri ilikuwa ile moja tu, nilifua mara mbili na alama haikutoka, na nilijua mama mkwe akishakaa na binti yake atasimulia, na yule fundi atanyoosha aibu yangu na kuiweka akiba na misumari yake. Tukafika, tukapokewa, wakachinja kuku. Mimi nikakaa nje ukutani, nimeupa mlango mgongo. Ndani dada akauliza safari ilikuwaje.

"Ilikuwa muzuri," mama mkwe akasema. "Mukwe alinileta mpaka hapa. Sikukosa kitu."

Fundi, aliyekaa nje karibu nami kwa heshima hiyohiyo, akapaza sauti kwa mkewe, "Uulize mama, na ile alama ya sombe kwenye suruali ya karani?"

Mama mkwe akajibu palepale kutoka ndani.

"Bato ilitikisika."

Hakusema zaidi, siku ile wala siku nyingine yoyote. Ni abiria waliosimulia, na tuliporudi hadithi ilikuwa imeshafika Kasongo kabla yetu. Mbuzi nilimlipa, jike mwenye afya, na hakumchinja, alimfuga, na akazaa. Nami nikaapa mbele ya Sifa mambo mawili: sitakunywa tena chai kwa fundo ambalo halijafunguliwa, na pesa zangu sitazipa tena mtu nisiyeweza kutaja jina lake.

La kwanza nimelishika. Konje nyingine ilipokuja tukakaa tena na karatasi, Sifa akauliza nani atachunga, nami sikumjibu. Nikapanda baiskeli (ndiyo, hatimaye niliinunua) mpaka Wamaza, nikaweka bahasha kwenye kizingiti cha mama mkwe, nikageuka, nikawapa mgongo mlango na mwenye nyumba.

"Nguzo," nikaanza mimi, mkosefu wa adabu, "kuna feza hapa."

Nikasikia bahasha inaokotwa. Kisha nguzo ikajibu kutoka ndani, na nilisikia inacheka.

"Umwambie, kila siku na yake."