Safari ya India Isiyo na Mgonjwa

Wazo la kwenda Himalaya nililipata kwa muuguzi mwenzangu, mama wa makamo aliyezaliwa katika kijiji kilicho kando ya mto, huko juu kaskazini mwa India, mahali ambapo kwa maelezo yake hakuna la kufanya. Tunafanya zamu ya usiku pamoja katika hospitali moja hapa Dallas. Yeye akienda likizo kwao hurudi mashavu yamejaa, na sauti yake ni ya mtu aliyelala akatosheka. Mimi nikienda Kenya hurudi nimechoka kuliko nilivyoondoka, kwa sababu ya harusi, matanga, ploti za kwenda kuangalia na binamu wasioridhika na zawadi. Siku moja nilimuuliza watu wa kwao hufanya nini mchana kutwa. Alisema huketi wakasikiliza mto. Nilimcheka, lakini maneno yale nilienda nayo nyumbani.

Pengine yangepita hivyo hivyo kama si safari ya Houston. Mwezi wa nane tulimpeleka kitinda mimba wetu chuoni huko. Wakati wa kwenda, gari lilijaa mito, sufuria na kelele zake. Wakati wa kurudi tulikuwa wawili, mimi na mume wangu. Tuliongea habari za petroli, tukaongea habari za lori lililokuwa likiyumba mbele yetu, kisha maneno yakatuishia. Barabara ya kutoka Houston hadi Dallas imenyooka na ni ndefu. Nilitafuta la kusema nikakosa. Naye nilimwona anatafuta, maana alikuwa akikohoa kidogo, anagusa redio, halafu anaiacha.

Tumeishi hivi: yeye anafanya kazi mchana katika ghala kubwa upande wa Fort Worth, mimi usiku hospitalini. Tulipanga hivyo watoto wakiwa wadogo, kama walivyofanya Wakenya wengi tunaowajua hapa, ili nyumba isikose mtu mzima. Mimi nikiingiza gari, yeye analitoa lake. Tulikabidhiana watoto mlangoni pamoja na habari za homa na za mwalimu aliyepiga simu, na yaliyobaki tuliyabandika kwenye mlango wa friji. Mpango ulikwenda vizuri, siwezi kuusema vibaya. Lakini mle garini, nikitazama nyasi zilizokauka kando ya barabara, niliogopa. Niliogopa kwamba tulipokuwa tukilea watoto sisi wenyewe tulipoteana, na sasa hapakuwa na mtoto wa kuzungumziwa. Nilitaka kujua kama kati yetu kuna kilichobaki, na nilitaka kujua sasa, si siku tutakapostaafu na kujikuta tunatazamana sebuleni.

Basi nikamwambia, "Twende India."

"Kufanya?"

"Kukaa."

Akasema sawa. Sawa ya mume wangu ina maana nyingi, nami nilichukua ile iliyonifaa.

Mume wangu ni mtu wa mipango. Kazi ya ghala imemfundisha kwamba nafasi tupu ni hasara, na wiki haikuisha kabla hajanitumia ratiba kwenye simu, kwa kuwa mambo yetu yote tuliyapanga kwa ujumbe. Kulikuwa na Delhi, Taj Mahal, jangwa na ngamia wake, mahekalu, soko la viungo, na mwisho kabisa mlima, kwa haraka, kabla ya kukimbilia ndege. Aliandika kwamba mtu hawezi kuvuka dunia nzima kwenda kutazama mto. Nilimwonyesha mwenzangu ratiba hiyo tukiwa kwenye mapumziko, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema mume wangu amepanga kazi, hajapanga likizo.

Mpango wa mwenzangu ulikuwa mwepesi. Tuchague kijiji kimoja tusikitoke. Tupande ndege hadi Delhi, halafu ile ndogo ya kwenda milimani, na ikishindwa kutua kwa sababu ya mawingu tukodi gari na kuvumilia kona. Twende mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeisha na matufaha yameshavunwa, wakati ambapo anga ni safi na baridi ni ya asubuhi na jioni tu. Tubebe sweta, viatu visivyoteleza, na pesa taslimu kwa sababu mashine ya benki iko mbali. Binamu yake ana nyumba ya mbao karibu na maji, na hupangisha vyumba kwa wageni. Asubuhi tutembee taratibu hadi kwenye maporomoko, turudi tule wali na dengu, tulale. Kesho yake tufanye hivyo tena, au tusifanye. Simu, alisema, hushika ikitaka.

Nilifuta ngamia siku hiyo hiyo. Taj Mahal mume wangu aliipigania kwa siku kadhaa, akidai kwamba bila picha ya pale hakuna atakayeamini tulifika India, kisha akaiachilia kwa manung'uniko. Nilifurahi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Hapo ndipo nikalisema jambo hili kanisani. Ibada ya Kiswahili ilikuwa imekwisha, tumesimama kwenye maegesho na jua la Texas linatuchoma utosini, na mama mmoja ambaye sote humwita Auntie, mkubwa wa kina mama wa upande wa Cedar Hill, akaniuliza kama tutaenda nyumbani Krismasi. Nikasema hapana, tunaenda India mwezi wa kumi, mimi na baba watoto peke yetu. Auntie akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniuliza tumeamua lini. Nikasema majuzi tu. Akauliza kama mume wangu amelikubali. Nikasema amelikubali, ingawa mwanzoni alisumbua. Akatikisa kichwa, akasema wanaume huwa wanaogopa zaidi kuliko sisi. Nilidhani anazungumzia ndege.

Ningepaswa kujua. Kwetu, mtu akisema anaenda Marekani, anaenda kutafuta maisha, na akisema anaenda India, anaenda kutibiwa. Nina jamaa waliopelekwa huko kwa ajili ya figo na kwa ajili ya moyo, na nimesindikiza wengine kwa maombi. Lakini nilikuwa nimekaa na mwenzangu na mto wake muda mrefu hivi kwamba India ikawa imebadilika kichwani mwangu, na sikukumbuka kwamba kwa wengine bado ni ile ile.

Wiki ile chakula kilianza kufika mlangoni. Kulikuwa na unga wa uji wa wimbi, kuku wa kienyeji aliyetafutwa sijui wapi, na chapati zilizofungwa kwenye taulo. Mama mmoja aliendesha gari kutoka Carrollton, ambako si karibu hata kidogo, kuniletea supu ya mifupa. Mimi hulala mchana, kwa hiyo kila mgeni alinikuta na kilemba kimepinda, macho yamevimba na joho la kulalia, naye akazidi kuamini alichosikia. Mimi nilidhani wananihurumia kwa kuwa binti ameondoka na nyumba imekuwa tupu. Nilipokea kila kitu kwa shukrani. Huyo wa Carrollton nilimwambia kwamba ni vigumu, lakini tutazoea, akageuka upande akaanza kulia. Nikasema moyoni, kweli kina mama wa hapa wana roho nzuri, kumbe naagwa.

Mume wangu alisikia habari kazini. Kuna Mrundi mmoja wanayefanya naye kazi, mtu mpole ambaye mkewe anawafahamu kina mama wa kanisa letu, naye alimsogelea wakati wa mapumziko, akavua kofia, akampa pole. Alimwambia kwamba nyumbani kwao wanamwombea mama watoto kila jioni, na kwamba India wana madaktari wazuri.

Mume wangu aliomba ruhusa akaondoka. Mimi nilikuwa usingizini, na niliamka kwa sababu kitanda kilizama upande mmoja. Alikuwa ameketi na viatu vya kazi miguuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya chumbani. Nilidhani kuna mtoto amepata ajali, nikaketi haraka.

"Niambie ukweli," alisema. "Ni ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wa nani?"

"Wako. Usinifiche. Watu wote wanajua, ni mimi pekee sikuambiwa."

Ilichukua muda kidogo mambo yakajipanga kichwani, Auntie na mikono yake, supu, machozi, nikaanza kucheka. Nilicheka sana, nikamweleza, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono yake.

"Nimekaa kwa gari hapo nje kitambo," alisema. "Nilikuwa najaribu kukumbuka kama umekonda. Nimeshindwa kukumbuka."

Kicheko kiliniisha. Yeye aliendelea kwa sauti ya chini. Alisema Mrundi alipompa pole hakumbishia hata kidogo, hakusema si kweli, mke wangu ni mzima. Hakuwa na la kumbishia nalo. Alijua ninatoka saa ngapi na ninaingia saa ngapi, alijua gari langu linahitaji kubadilishwa oili, lakini mtu alipomwambia mkewe anakufa, aliona inawezekana kabisa.

Niliumia. Ningependa kusema nilimhurumia kwanza, lakini kwanza niliumia, kisha nikajiuliza kama mimi ningeambiwa hivyo juu yake ningekuwa na la kujibu. Nilimvua viatu. Tukalala pale mchana kweupe, yeye na nguo za ghala.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa Auntie pamoja kumtuliza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnaenda India mkiwa wazima?"

"Wazima, Auntie."

"Kufanya?"

Nilifungua mdomo, lakini mume wangu alinitangulia. "Kukaa," alisema. Auntie hakuamini. Alituombea hata hivyo, akaweka na figo humo katikati, ili lisisahaulike jambo.

Kulibaki kuongea na yule binamu wa kijijini. Tulingoja siku ambayo sote wawili hatukuwa kazini, tukaketi mezani tukaweka simu katikati, na mwenzangu akawa kwenye laini akitafsiri. Sauti ya binamu ilikuja na kukatika. Alikuwa mama mchangamfu, anauliza kama tunakula nyama, kama tutataka blanketi za ziada, kama magoti yetu yanaweza ngazi za mbao. Tulijibu kwa zamu. Nilimwona mume wangu anaanza kutabasamu, akauliza hata samaki wa mto ule ni wa aina gani.

Kisha binamu akauliza la mwisho. Chai ya asubuhi huwaletea wageni mlangoni, ikiwa moto, kwa hiyo alitaka kujua mimi na mume wangu huamka saa ngapi tukiwa tumeachwa tulale.

Lilikuwa swali jepesi, nami nilikuwa nimeshaanza kulijibu. Nilijua saa yake ya kengele, mwaka mzima, na yeye alijua yangu. Lakini siku ambayo hakuna kengele, hakuna zamu wala mtoto wa kupelekwa shule, yeye huamka saa ngapi? Nilimgeukia aniokoe, nikakuta amenigeukia mimi kwa sababu hiyo hiyo. Simu ilikoroma. Mwenzangu akauliza kama bado tupo.

"Mwambie hatujui," mume wangu alisema, akinitazama mimi wala si simu. "Mwambie tutajua tukifika."