Winfrida arudisha maganda ya zambarau kwenye juisi

Saa moja asubuhi, siku ya mnada Mungaa, wilayani Ikungi. Winfrida Mughwai (46) anashusha ndoo mbili za juisi ya zambarau mbele ya mgahawa wa Rukaiya, na watu wameshaanza kusogea. Hapa hakuna siri. Kila mmoja anajua leo juisi imebadilika.

Kwa miaka sita Winfrida alimenya zambarau moja moja, maana wateja hawakutaka juisi inayopaka ulimi rangi. Maganda aliwamwagia mbuzi.

"Mbuzi walinenepa, manyoya yanang'aa, majirani wakadhani nimeenda kwa mganga," anasema, akicheka huku ameshika kiuno.

Mwezi uliopita afisa lishe, Calist, alikitembelea kikundi chao cha akina mama. Akaeleza kuwa rangi ile nyeusi ya ganda ina viambata vinavyosaidia kulinda chembe hai za mwili zisiharibike.

"Nikamuuliza, kwa hiyo ni dawa? Akasema, 'Hapana mama, ni chakula kizuri. Mwenye vidonge vya hospitali aendelee kumeza.' Kikundi kizima kikanigeukia: 'Winfrida, kumbe sisi ulitunywesha makapi!'"

Sasa anaponda tunda na ganda lake, anatoa mbegu tu, na leo ndiyo mara ya kwanza kuileta juisi hiyo mnadani. Shida ni Rukaiya, anayenunua ndoo zote mbili kila mnada kwa Sh30,000. Hela hiyo ndiyo inayomsomesha Peniel, bintiye aliye chuo cha ufundi.

"Ukiniletea wino, rudi nao," Rukaiya alishamwonya.

Sasa Rukaiya anamimina glasi, anakunywa, anatoa ulimi mbele ya kioo cha pikipiki. Zambarau tupu! Kicheko kinalipuka.

"Shoga, umeniharibu! Kwenye kikao cha harusi nitasema nimekula nini?"

"Sema umewanyang'anya mbuzi," anadakia mzee Stefano kutoka kwenye benchi, kikombe mkononi. "Haya, nitilie na mimi."

"Shikamoo babu. Lipa kwanza," anajibu Winfrida.

Rukaiya anamaliza glasi, anajimiminia nyingine. "Ndoo moja nachukua. Hiyo ya pili uza hapa nje, tuone."

Saa nne ndoo ya nje imebaki povu.

Winfrida ana miche ishirini ya mizambarau, anataka kuipanda kabla mvua hazijakatika.

"Mnada ujao Rukaiya akichukua ndoo mbili, nachimba mashimo ishirini," anasema. "Akichukua moja, nachimba hayo hayo. Ya pili nimeshajua pa kuiuza."